Karte ya Kurudi Basoko

Kila asubuhi, kabla ya kubeba beseni lake la samaki kwenda sokoni Tshopo, mjini Kisangani, Mama Clémence alisikiliza sauti ya baba yake kwenye simu.

«Clémence, ulishakula? Usinidanganye, minakujua!»

Ndivyo Papa Célestin alivyoanza. Halafu alicheka, akakohoa, akamlalamikia mke wake kwamba mchuzi hauna chumvi. Mzee alikwisha kufariki, jamani, lakini ndani ya simu aliendelea kugomba. Clémence alimpenda hivyo hivyo.

Kijijini kwao, upande wa Basoko, mtandao haufiki. Kwa hiyo watu wana njia yao. Wanarekodi sauti kwenye karte ya memori, kale kakipande kadogo kanakoingia ndani ya simu. Wanaifunga kwenye plastiki na kuituma Kisangani kwa baleniere, mashua kubwa ya mbao. Ikishasikilizwa mjini, inarudi. Kijijini Jérémie, mdogo wake Clémence, anafuta kila kitu ili kupata nafasi, na watu wanarekodi upya.

Lakini tangu baba afariki, Clémence alikataa kabisa kuirudisha ile karte.

Sasa simu ilikuwa imejaa. Binti yake Joëlle alikuwa amejifungua, na Clémence alitaka kumpiga picha mjukuu. Wapi! Simu ilikataa. Mume wake Patrice alimhurumia. Patrice huendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Siku moja alinunua karte kubwa zaidi, akaiweka mwenyewe wakati mke wake yuko sokoni.

Clémence aliporudi, alishika simu. Kimya.

«Papa Joëlle, sauti ya papa iko wapi?»

«Iko mu simu. Si inatokaka mu simu?»

«Na karte ya zamani?»

«Nilimupa Hugues, ule wa baleniere. Nilisema mama yako kule kijijini atafurahi. Wanaingoja tangu siku mingi.»

Clémence akakaa chini, puu!

«Ee Mungu wangu! Jérémie atafuta! Papa atakufa mara ya pili!» Akalia kwa sauti, na majirani wakatoka nje.

Maskini Patrice! Alitaka kutenda wema tu. Kijijini hakuna wa kumpigia simu. Akavuta toleka yake.

«Panda, Mama Joëlle. Lia njiani.»

Baleniere zetu tunazitukana kila siku kwa kuchelewa. Siku ile Clémence alizibariki zote. Bandarini, mota ya baleniere ya Hugues ilikuwa inanguruma, lakini watu walikuwa bado wanapakia mifuko.

«Hugues! Hugues, mwanangu, ile karte!»

Hugues akafungua fundo la kitambaa chake. «Mama, ungechelewa kidogo tu, ningekuwa nimeshafika mbali.»

Walirudi moja kwa moja hadi kwa Leila, jirani yao anayetengeneza simu. Leila aliwapa viti, akamwacha Clémence apumue kwanza.

«Papa Joëlle, usijilaumu,» alisema. «Wengi wanafanya vile. Karte iko sawa na sanduku ya nguo. Simu inafungua sanduku tu. Ukitosha sanduku, ukiliondoa, nguo inaenda nayo.»

«Kumbe! Alors, tunafanya namna gani?»

«Kwanza, uliza simu yako inakubali karte ya ukubwa gani. Nyingine haziwezi karte kubwa sana. Halafu zima simu kabla ya kutosha karte. Tena ununue kwa mutu anayekuacha ujaribu, sababu karte za bandia ziko nyingi.»

Akaweka karte ya zamani kwenye kompyuta, akanakili kila kitu, kisha akakiweka kwenye karte mpya. Akairudisha hiyo mpya kwenye simu.

«Bon. Sasa usikilize wewe mwenyewe. Usifute ya zamani kabla ya kusikiliza.»

Clémence akabonyeza.

«Clémence, ulishakula? Usinidanganye...»

Patrice akafuta macho kwa mkono wa shati.

«Na kwenye ya zamani, papa iko bado?» Clémence aliuliza.

«Iko. Kunakili hakumalizi sauti. Inakaa hapa, na pale pia.»

Clémence akaichukua ile karte ndogo kiganjani. Siku zote alikuwa ameishika ile sauti peke yake, akiogopa ifutwe. Hakuwa amemfikiria mama yake.

«Kumbe na mama anaweza kumusikia,» alisema polepole.

Leila akafuta miziki ya zamani kwenye ile karte ndogo ili kupata nafasi. Sauti ya mzee hakuigusa. Joëlle akaja na mtoto, naye Leila akaongeza picha zake, zilizopigwa pale pale. Siku Hugues aliporudi Kisangani, Patrice akaipeleka karte bandarini akipiga kengele ya toleka njia nzima.

«Hugues, mwambie Jérémie asifute kitu! Kwanza wamusikilize mzee.»

Karte iliporudi, Clémence aliisikiliza akiwa ameegemea beseni lake. Alisikia kuku, kisha mama yake akipenga kamasi.

«Clémence, mwanangu. Baba yako anagomba bado juu ya chumvi. Leo nimeongeza.»

Clémence akacheka huku machozi yakimtoka. Halafu akajifunga kitenge vizuri, akaenda kwa Leila kunakili na sauti ya mama.