Aliyegonga Bomba la Wakonyo

Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba tulipofika kwa Wakonyo, kule Mukurweini. Baba aliegesha pikipiki langoni, akashusha begi la vifaa. Ilikuwa kazi ya kawaida. Mita ya maji ilikuwa ikizunguka hata mifereji yote ikifungwa, na hapakuwa na mahali palipolowa.

"Tumetafuta mpaka tumechoka, fundi," Wakonyo alisema. "Maji inaenda, lakini hatuoni inaenda wapi."

"Kasichana kangu kataipata," baba akacheka. "Haka kako na masikio ya paka."

Niliacha shule kidato cha pili, masikio ya baba yalipoanza kufa. Bomba likivuja chini ya sakafu, unasimamisha ufito wa chuma juu yake na kuweka sikio kwenye ncha. Utasikia ssss... hapo ndipo. Baba ana mikono, mimi nina masikio. Nyumbani tuko wawili tu.

Tuna utaratibu wetu. Baba hubaki nje kwenye mita. Akiwa tayari, hugonga bomba kwa spana mara tatu: uko? Mimi ndani hugonga mara mbili, naye huhisi mtikisiko kwa mkono: niko, leta maji. Ndipo anafungua, nami nasikiliza.

Wakonyo alinionyesha chumba cha nyuma. Hakuingia. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja kilichosimamishwa ukutani, na harufu ya nguo zilizolala majini siku nyingi. Lakini sakafu ilikuwa kavu. Kavu mpaka simiti ilikuwa imepasuka.

"Hapa analala nani?"

"Hakuna mtu," alisema, akaondoka haraka.

Nilipiga magoti. Bomba kuukuu la chuma lilipita kando ya ukuta. Sehemu moja, karibu na mahali ambapo kitanda kingekaa, lilikuwa limebonyea-bonyea.

Ngo... ngo... ngo...

Polepole, bila nguvu. Nikadhani baba amechoka.

Nikagonga mara mbili. Niko, leta maji.

Niliweka sikio kwenye ufito. Sikusikia ssss. Nilisikia... gudu... gudu... gudu... Kisha kimya. Kisha pumzi ndefu.

Maji hayavuti pumzi.

"Wachuka!"

Niliruka. Baba alikuwa mlangoni, spana mkononi. "Nimechelewa. Nilikuwa nimesahau spana kwa pikipiki. Mbona umeanza bila mimi?"

Nilimsogelea, nikasema karibu na sikio lake, "Baba, si wewe umegonga?"

"Ningegonga na nini?"

"Twende nyumbani. Kuna mtu hapo chini. Anakunywa."

"Basi tumwambie atafute mfereji wake." Akashika nyundo. "Ni wapi? Nionyeshe."

Sijawahi kumdanganya baba kazini. Nilionyesha kwa kidole.

Alivunja simiti. Chini yake udongo ulikuwa vumbi tupu. Bomba lilikuwa na tundu, na kwenye ukingo wa tundu lilining'inia tone moja. Halikuanguka.

Baba huonja kila mara. Maji ya mfereji yana ladha ya dawa, ya chemchemi hayana. Alilichukua lile tone kwa kidole, akalitia mdomoni.

"Chumvi," alisema polepole. Kisha, "Wachuka, niletee maji ya kunywa."

Alimaliza jagi zima. Akaomba jingine.

Aliziba tundu, na mita ikasimama. Hakurudishia hata simiti. Alikuwa na haraka ya kufika penye maji. Langoni, alipokuwa akiwasha pikipiki, jirani mmoja anayeitwa Beth alinivuta mkono.

"Mmekuwa chumba ya nyuma?" alinong'ona. "Huyo mama mkwe wa Wakonyo alilala hapo miaka miwili, hawezi kuinuka, mpaka akafa. Akiwa na kiu alikuwa anagonga paipu na kikombe. Mara tatu. Hata kwangu ilikuwa inasikika."

"Nani alikuwa anamjibu?"

Beth aliangalia viatu vyake. "Kila mtu alidhani mwingine ataenda."

Mimi ndiye niliyemjibu.

Sasa ni wiki tatu. Baba anakunywa ndoo nzima kwa siku, na chooni haendi. Suruali zinamwanguka. Hospitalini wamempima sukari mara mbili, hawakuona kitu. Mchungaji amekuja na mafuta, ameomba, ameondoka. Midomo ya baba imepasuka kama ile simiti.

Nilirudi Mukurweini peke yangu. Nilimwaga ndoo ya maji kwenye lile shimo, nikasema kama kwa bibi yangu, "Cucu, kunywa haya. Mwachie baba." Maji yalisimama juu ya vumbi kama juu ya kioo. Hayakuingia hata tone.

Jana jioni baba alikuwa amelala. Nilichukua ufito, nikauweka taratibu mgongoni mwake, nikategea sikio.

Ssss...

Naijua hiyo sauti. Nikahamisha ufito begani, mbavuni, kiunoni. Ssss... ssss... Kila mahali. Nikapapasa shuka. Kavu. Nimefundishwa kuziba bomba kwa uzi, kwa mpira, kwa kipande cha bati. Hakuna aliyenifundisha hili.

Nikasikiliza zaidi. Mbali sana, chini ya ile sauti...

Gudu... gudu... Pumzi.

Kisha bomba la chumba chetu likalia. Ngo... ngo... ngo...

Nilikumbatia ufito kwa mikono yote miwili, mikono yangu isije ikajibu.

Baba, ambaye siku hizi hasikii hata nikipiga kelele, alinyoosha mkono akiwa usingizini.

Akagonga ukuta mara mbili.