Zile Folda Tupu

Jua lilikuwa linazama Fagio alipowaambia wenzake watangulie nyumbani. Jina hilo alibandikwa na ofisi nzima, maana mwanamke yule havumilii uchafu, uwe wa mezani au wa ndani ya kompyuta. Kazi yenyewe ndogo: kupanga folda za msimbo wa mfumo wao mkubwa, miaka ishirini ya watu kutupa faili popote, kabla timu mpya haijaupokea asubuhi. Alibaki na mdogo wake wa tumbo moja, Kidosho, mjaribu programu, ambaye alikuwa meza ya pili akimsubiri waondoke pamoja.

Chini kabisa akakuta folda iitwayo USIGUSE. Aliiacha mhandisi wa kwanza, mzee aliyekwisha kustaafu, na tangu hapo kila mtu aliiruka. Fagio akasonya, akaifungua. Ndani mlikuwa na folda yenye jina la kila mfanyakazi, hata lake. Akaingia kwenye ya Kidosho.

Nywele. Kucha. Meno. Koo. Na moja chini yake, tupu, ambayo hata jina hakulisoma.

Akafanya alivyozoea: folda ndogondogo akazihamishia ndani ya kubwa. Nywele na kucha zikaingia kwenye koo.

Harufu ikaja... ya panya aliyefia nyuma ya kabati.

Kisha sauti. Kkhh... kkhh...

Kidosho alikuwa ameinamia ndoo ya taka. Kitu cheusi kilining'inia mdomoni mwake, naye akikivuta kwa mikono miwili. Nywele. Ndefu, zenye utelezi wa kijani, na kadiri alivyovuta ndivyo zilivyozidi kuja. Ndani yake mlikuwa na kucha, nyingine zimeng'ang'aniwa na nyama, zikidondoka ndooni. Tak. Tak.

"Dada... sipumui."

Matapishi yalimfika Fagio kooni, akayameza. Jamani, ile harufu! Lakini mdogo wake alikuwa anakufa, na alijua fika nani anayemuua. Akafanya anachofanya kila fundi akishaharibu: akaifuta USIGUSE nzima, akaishusha upya kutoka ghala, ile nakala inayotunzwa kwenye seva.

Faili zikashuka moja moja. Visigino vya Kidosho vilipiga sakafu. Vikapunguza kasi. Vikatulia.

Halafu akavuta pumzi, ndefu, akalia kama mtoto. Fagio akamkumbatia, akamfuta kidevu kwa kanga ya mabegani mwake.

Alipopata nguvu alisogea dirishani, akampigia simu yule mzee, akamwambia yote. Mzee hakushtuka. Alimuuliza kama aliwahi kuuona mfumo ule ukizimika hata siku moja, na kama alidhani umeme peke yake ndio uliouwasha. Kisha sauti yake ikashuka.

"Umerudisha zote?"

"Zote."

"Na zile tupu?"

Fagio akakumbuka. Ghala halitunzi folda isiyo na faili ndani. Hata aliyeajiriwa jana analijua hilo. Ndiyo maana watu huweka kijifaili kimoja cha kushikilia nafasi. Yeye alifuta folda za wote, zake zikiwemo.

"Zilikuwa za nini?" akanong'ona.

"Kila mtu nilimwekea moja, ya kinyaa. Sikujua kinyaa kinawekwa nini ndani, mwanangu, nikaiacha hivyo hivyo."

Simu ikakatika.

Ndipo Fagio alipogundua kwamba harufu bado imejaa chumbani, ila haimsumbui tena.

Akageuka. Kidosho alikuwa amekaa chini, ndoo katikati ya magoti, vidole vinapapasa ndani. Akainua fungu la nywele lililolowa. Akalitia mdomoni, akatafuna polepole, macho makavu, ametulia.

"Karibu, dada," akasema, akisogea kumpa nafasi.

Fagio alitaka kupiga ukunga. Alipofungua mdomo, ulikuwa umejaa mate.