Mwamba Usio na Tundu

Kijazapengo kiliuzunguka mlima Loleza polepole, kikibandika mikono yake ya chuma kwenye miamba, kikituma mawimbi na kuyasikiliza yakirudi. Mashine hii haikuona ndani ya mlima. Ilipima ukingo tu, kisha hesabu ikajaza yaliyobaki. Kwenye kioo cha chumba cha uokoaji, mwamba ulitokea mzima, laini, bila tundu.

"Basi," alisema Lutengano, mkurugenzi wa reli. "Handaki la treni limejaa kifusi. Tusitishe uchimbaji."

"Mume wangu yuko hai!" alilia Atupele mlangoni. Mumewe, fundi Anyosisye, alifukiwa asubuhi hiyo pamoja na wenzake wawili. "Nimeweka sikio kwenye reli, nimemsikia akigonga."

"Pole, mama. Huo ni mlima unaotulia."

Dk. Tusekile, mwanahisabati aliyeitunga kanuni ya mashine, aliingia akihema. Chuo chake kilikuwa mbali, na hakuna aliyemwita; alikuwa amesikia habari redioni. Aliitazama ile picha, uso ukabadilika.

"Mmewasha mawimbi mangapi?"

"Moja," alijibu Lutengano. "La pili linakula umeme mno, na jioni tuna taa za uzinduzi wa kituo cha treni. Picha ni ile ile, tena imetakata zaidi."

"Imetakata!" Tusekile alifoka. "Kila wimbi ni kigeu changamano, yaani kipimo kimoja kinachojitegemea katika hesabu. Vigeu vikiwa viwili au zaidi, ramani hizi nyororo haziwezi kuficha tundu: ukiujua ukingo wote, umejua na ndani. Kikibaki kimoja, tundu linaweza kukaa katikati na ukingo usiseme neno. Mmezima sharti lenyewe, mashine ikajaza kwa kubahatisha, nanyi mnazika watu!"

"Daktari, hayo ni ya darasani."

"Niliyasema mbele ya bodi yako nzima, mkatikisa vichwa! Mlidhani nawasomea mashairi?"

Hakungoja ruhusa. Aliisukuma swichi mwenyewe. Taa za chumbani zilififia, na ule mwamba laini ukajikunja kiooni, ukachanika. Katikati palitokea uwazi mweusi, mkubwa kama chumba cha jikoni, na ndani yake kitu kikitikisika kidogo.

Lutengano alikaa chini. Wachimbaji walikuwa wameshatoka mbio.

Alasiri waliufikia uwazi. Wenzake wawili wa Anyosisye walitolewa wakikohoa. Anyosisye alitolewa mwisho, na hakuwa akikohoa. Kifusi kilikuwa kimembana pembeni, na hewa ilimwishia wakati ile picha safi ikijadiliwa. Mwili wake ulikuwa bado una joto.

Waandishi wa habari walipofika, Lutengano alirekebisha tai. "Leo," alisema, "Kijazapengo kimeokoa maisha ya watu wawili."

Atupele alimpita Tusekile, akawapita walinzi, akasimama mbele ya kamera.

"Muulizeni waliofukiwa walikuwa watatu au wawili," alisema. "Halafu muulizeni taa zake za jioni zinawaka saa ngapi, nije na maiti yangu tusherehekee wote."