Damu ya Nanyori Yapimwa Chumvi

Nashilu wa Kisongo alisifika kwa dawa za magome. Akikutapisha, unatapika mpaka nyongo. Mwaka 1955 mkamwana wake, Nanyori, alishikwa na tumbo. Nashilu akamtapisha asubuhi, akamtapisha jioni, na kesho yake tena. Mwanawe Lekishon alikuwa mbali, malishoni na ng'ombe.

Lekishon aliporudi, alimkuta mkewe amelegea, vidole vimekakamaa. Wakamkimbiza kwa lori mpaka hospitali ya mjini Arusha.

Daktari aliagiza damu ipimwe. Malaria haikuonekana. Baadaye Philemoni, mpimaji wa damu, akatoka maabara amekunja uso.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Nashilu, kisha akamgeukia Lekishon. "Damu ya mtu ina chumvi. Tunapima sehemu yake moja iitwayo kloraidi. Ya mkeo imeshuka mno. Je, ametapika sana?"

"Hapana. Yeyo, mama yangu huyu, alikuwa naye, angeniambia."

"Basi huenda nimekosea. Itabidi nipime upya, na daktari asubiri."

Nashilu aliinamisha kichwa. Akisema, jina lake limekwisha Kisongo nzima. Lakini Nanyori alikuwa anahema kwa shida. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila kifo hiki kingekuwa cha mwenzake.

"Usimngojeshe daktari," alisema. "Mimi nilimtapisha, yeyo wenu. Tena na tena."

Lekishon alimkazia macho mama yake.

"Umefanya vyema kusema, mama," alisema Philemoni. "Matapishi hutoka na maji ya mwili pamoja na kloraidi. Vikipungua sana, misuli hukakamaa, hata moyo unaweza kusimama. Maji matupu hayatoshi. Atatiwa maji ya chumvi mshipani, kwa kipimo."

Akaenda mbio kwa daktari. Chupa ikatundikwa. Nashilu alikaa kando ya kitanda.

Kulipokucha, vidole vya Nanyori vilikuwa vimenyooka. Damu ikapimwa tena. Kloraidi ilikuwa imepanda.

"Yeyo," Nanyori alinong'ona, "nina njaa."

Nashilu alilia bila kujificha.

Waliporudi nyumbani, jirani yao Magdalena akaja mbio. Mumewe anaumwa tumbo na anatapika.

"Nimempa dawa yangu, haikusaidia. Nipe magome yako."

"Magome hayo nusura yamuue mke wa mwanangu," Nashilu alimjibu mbele ya watu. "Mpeleke hospitali wampime damu. Na hiyo dawa uliyompa, uiseme."

Magdalena akatazama chini.

"Ukiona haya," alisema Nashilu akijifunga shuka, "twende wote. Nitaanza kusema yangu."