Masale ya Kisarika

Siku ile mjinga alikuwa Kisarika mwenyewe, na hata uzeeni hakumwachia mtu mwingine cheo hicho.

Zama hizo misafara ya pembe ikipita chini ya Kilimanjaro, yeye alikuwa mlinzi wa msitu wa Kirumo. Ndani yake ndimo ilimokuwa chemchemi ya mfereji ulionywesha migomba ya watu wote wa mteremko ule. Mti haukukatwa humo bila idhini yake. Aliyekata kwa wizi alitozwa mbuzi, kisha Kisarika akamtania mbele ya wakwe mpaka mwizi akatamani angetozwa ng'ombe, yaishe.

Lyakurwa, shemeji yake, alikuwa amehamia tambarare baada ya kugombana naye, akifanya biashara na wenye misafara. Asubuhi moja akarudi, amejifunga merikani mpya, mkononi ameshika jani la isale lililopigwa fundo. Wachaga wakiletewa jani hilo husamehe. Hata kununa hawaruhusiwi. Kisarika akasamehe. Pombe ya mbege ikaletwa, kata zikazunguka, ndipo Lyakurwa akaomba jambo dogo: shemeji ampandie masale mpakani mwa kihamba chake cha zamani, shamba la migomba lililopakana na msitu, watu waone wamepatana.

"Wewe onyesha tu, shemeji," Kisarika akacheka. "Leo hata ukitaka nipande miguu juu, nitapanda."

Lyakurwa akatangulia akionyesha, Kisarika nyuma akichimba na kuimba, akimcheka mwenzake jinsi tambarare ilivyomlainisha nyayo. Hakutambua kwamba mstari wa masale ulikuwa umekwisha kuizunguka chemchemi na kuiingiza kihambani mwa Lyakurwa. Na sheria ya Kirumo ilikuwa fupi: isale lililopandwa kwa mkono wa mlinzi ni mpaka, na kuling'oa ni kujitakia laana.

Miche haijashika vizuri, wakaja watu wa mashoka. Lyakurwa alikuwa amewauzia wenye misafara magogo ya kujengea ngome yao, na magogo yenyewe yalikuwa bado yamesimama, yanaitilia chemchemi kivuli.

Kisarika akapuliza baragumu. Watu wa mfereji wakapanda na mikuki na ngao za ngozi ya nyati, wakaziba njia nyembamba ya kuingilia msituni. Walipigana tangu umande haujakauka mpaka jua la utosi, na watu wa mashoka wakaanza kurudi nyuma, wakiteleza kwenye matope. Hapo wakaja wengine kuwasaidia, wamevaa ngozi za mbega, njuga zikilia miguuni. Kisarika akainua mkuki amchome wa mbele, macho yakatua kwenye ngao ya mtu huyo. Ilikuwa na mistari myeupe ya walinzi wa Mangi, mtawala wao. Mtu mwenyewe alimjua; walitahiriwa pamoja.

"Weka chini, Kisarika," yule mtu akasema taratibu, bila kumtazama usoni. "Tumetumwa."

Kisarika akauteremsha mkuki. Nyuma yake shoka la kwanza likaanza kulia, na hakuna aliyelizuia.

Barazani Mangi alimpokea kwa upole, amejitanda joho jekundu ambalo mlima mzima haukupata kuliona kabla ya hapo. Lyakurwa alikuwa ameketi mkono wake wa kulia. Kisarika akaeleza yote, bila kujificha: jani, pombe, wimbo, ujinga wake. Akaomba miti iliyobaki tu, ile ya chemchemi, kwani mfereji ukikauka watu watahama na migomba itabaki vigutu. Wazee wakainamisha vichwa. Walikuwa wamekwisha kunong'onezwa.

Mangi akasikiliza hadi mwisho, akajibu kwamba ameumia moyo, lakini sheria waliikuta kwa babu zao. Masale yalipandwa na mkono wa Kisarika, si wake. Msitu aliutoa mlinzi. Mangi yeye aliheshimu mpaka tu. Sasa lawama ya nini?

Kisarika akaokota ngao yake, akalitazama lile joho tangu pindo hadi shingoni.

"Ni kweli, Mangi, niliutoa," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nimelewa."