Beseni la Mchungaji Lukelo

"Bibi Dorotea, shikamoo."

"Marahaba, mtumwa wa babu yangu! Leo umenikumbuka?"

"Bibi, leo sina utani. Nipo juu ya jiwe na chaji inaisha. Eliza kanitumia meseji. Ngoja nikusomee."

Jiwe lenyewe liko Luhombelo, kijiji cha msituni, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu kupanda kutoka Chita. Ukitaka mtandao, unalipanda. Mchungaji Lukelo yuko huko mwaka wa pili na kanisa lake la nyasi. Akasoma:

"'Mchungaji, baki na mke wako na mtoto wako wa huko juu. Jumapili tangazo letu la tatu la ndoa lisisomwe. Usinipigie.' Bibi, mke gani? Mtoto gani? Mimi huku nalala chumba kimoja na mbuzi wa muumini! Wewe unashinda naye hapo stoo. Nani kamwambia?"

Mimi ni mwanamke wa maneno mengi, uliza mtaa wetu mzima wa Mlabani. Siku ile niliiondoa simu sikioni, nikaitazama.

"Bibi? Unanisikia?"

"Mtandao mbaya, baba," nikasema, nikakata simu.

Mtandao ulikuwa safi kama maji ya maporomoko ya Sanje. Aliyemwambia ni mimi.

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, lakini Walokole wanaopeleka mizigo kwa wachungaji wa msituni walinipa kazi stoo kwao, maana gunia nililofunga mimi hata lianguke mtoni halifunguki. Eliza ndiye katibu wao. Lukelo ni Mhehe, mimi Mndamba. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia utani. Nikimwita mtumwa anacheka; yeye akinililia msiba nikiwa hai, nacheka mimi. Eliza kakulia kwenye kota za kiwanda cha sukari, kwa wazazi wasiotaniana na mtu. Kwao jambo likisemwa limesemwa.

Wiki moja kabla, alikuwa anatusomea orodha za wachungaji ili tufunge.

"Lukelo. Chumvi, mabuti, Biblia sita, beseni la kuogeshea mtoto."

"La mtoto!" nikadakia. "Jamani, Mhehe kaoa huko juu na kashazaa! Ndiyo maana hashuki!"

Tulicheka mpaka Brigitha, mfungaji mwenzangu, akakalia katoni ya sabuni. Eliza hakucheka. Jioni wenzangu walipoondoka, akanisogelea.

"Bibi, ile habari ya Lukelo ni ya kweli?"

Hapo ndipo pa kusema, mwanangu, ule ni utani. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu mwenye siri kubwa. Na mimi wa darasa la saba, ni lini katibu aliwahi kuniuliza kitu? Utamu ukanipanda kichwani.

"Mimi simo," nikamjibu. "Ila mwanangu, beseni la mtoto halinunuliwi kwa ajili ya kuku."

Akashukuru. Akaenda. Nikamwona siku tatu haleti hata kiporo chake cha mchana, na nikanyamaza. Ndipo ikaja simu ya Lukelo.

Nikamfuata Eliza stoo. Alikuwa anaandika majina kwenye magunia, macho yamevimba.

"Eliza, nilikuwa natania."

"Unatania sasa, au ulitania siku ile?"

"Siku ile."

"Siku ile nilikuuliza tukiwa wawili. Hapakuwa na mtu wa kumchekesha. Ukanijibu habari ya kuku."

"Shetani wa mdomo, mwanangu."

"Bibi, usimsingizie na shetani. Lukelo kakupigia, si ndiyo? Kakutuma uje umtetee."

"Kapiga, ila hakunituma."

"Basi beseni ni la nini?"

"Sijui."

"Juzi ulijua, leo hujui." Akageukia magunia yake. "Niache nifanye kazi, bibi."

Nikatoka kichwa chini. Kumbe neno langu halikuwa na thamani hata ya kurudisha lile nililolisema mwenyewe.

Jumapili sikwenda misa. Nilijitanda khanga, nikaingia kwa Walokole, nikakaa nyuma kama mwizi. Mchungaji kiongozi akasoma matangazo.

"Tangazo la Lukelo na Eliza limeondolewa. Tuwaombee."

Eliza yuko mbele, shingo imenyooka kama mti. Nikasimama.

"Mchungaji, naomba hicho kipaza sauti."

Mimi niliyezoea kutubu kwa padri, nyuma ya pazia, kwa kunong'ona, leo natubu mbele ya Walokole mia mbili na spika inapiga mluzi.

"Mimi ndiye niliyemsingizia Lukelo mke na mtoto."

Kanisa zima likaangua kicheko.

"Bibi Dorotea huyo!" Brigitha akapiga makofi. "Hana dogo!"

"Msicheke!"

Wakacheka zaidi. Miaka yote nimewafundisha kucheka nikifungua mdomo, sasa nimeufungua kwa kweli na hawajui lingine la kufanya. Nikapiga magoti pale pale kwenye saruji, na machozi yakaja bila kuitwa. Kicheko kikakatika, benchi moja baada ya jingine.

"Eliza aliniuliza tukiwa wawili. Nilijua ni uongo. Nikamwacha aumie kwa sababu niliona raha kuulizwa. Lukelo hana kosa."

"Beseni ni la kina mama," sauti ikasema mlangoni.

Ni Lukelo, tope hadi magotini, alfajiri katoka na treni ya Chita. Akamtazama Eliza tu.

"Mwezi uliopita mama mmoja alijifungulia njiani, tunamshusha kwa machela. Mtoto tulimwogeshea kwenye sufuria ya ugali. Niliona haya kuyaandika yote."

Eliza akasimama. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilidhani ukijua kulivyo huko, hutakuja."

"Kwa hiyo ulinificha."

"Nilikuficha."

"Na mimi miaka miwili nasoma barua zako, nikaja kukufuta kwa neno la jioni moja. Sina uso wa kukutazama, Lukelo."

"Nitazame hivyo hivyo."

Akamtazama. Kisha akamgeukia mchungaji kiongozi. "Lisomwe. Nitapanda naye. Ila asinifiche tena kitu."

Vigelegele vikapigwa, mimi bado niko sakafuni. Aliyekuja kuninyanyua ni Eliza mwenyewe. Akanifuta vumbi magotini.

"Nimekusamehe, bibi."

"Asante, mama."

"Kweli nimekusamehe. Ila mimi usinitanie tena. Nisalimie tu."

Walifunga ndoa, wakapanda. Kila baada ya miezi mitatu wanashuka kuchukua mizigo. Lukelo ananiita mtumwa kuanzia barabarani, nami namrudishia mpaka majirani wanatoka nje. Kisha anaingia Eliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Safari iliyopita aliingia na tumbo la miezi saba. Utani ulinijaa mdomoni, mzuri kabisa, wa kumvunja mtu mbavu. Nikaumeza, nikainama kukaza kamba ya gunia ambayo ilikuwa imekaza tayari.