Pikapu Iliyoinuka Kuliko Trela

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kradum alimpeleka Nin bwawani na kumsugua mgongo kwa kumbi la nazi. Nin alikuwa nyati wa kufugwa, dume la mbio, na wa mwisho kufunzwa na Baba. Baba alifariki mvua zilipoanza. Viatu vyake vilikuwa bado mlangoni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuviondoa.

Kabla hajafa, Baba alikuwa amemwandikisha Nin kwa mbio za nyati za mjini Chonburi. Mama alisema, mvua au jua, Nin atakimbia.

Tatizo lilikuwa pikapu. Springi zake za nyuma, zile bapa za chuma zinazobeba mzigo, zilikuwa zimechoka. Trela la Nin likifungwa tu, nyuma ya pikapu ilididimia hadi ikakaribia magurudumu. Baba mkubwa Bunrot, ambaye ni fundi, aliongeza bapa moja kila upande.

"Inatosha," alisema. "Trela na gari vikae sawa. Msizidishe."

Lakini Phayu, kaka yake Kradum, hakuridhika. Vijana wa huko hupenda pikapu iliyoinuka nyuma kama panzi, na wenzake walikuwa wakimcheka. "Phayu, hilo ni gari au kuku anayeatamia?"

Siku moja kabla ya mbio, Mama alipokwenda hekaluni kuwapikia watawa, Phayu alitoa vipande viwili vinene vya chuma alivyoazima. Akapiga jeki, akavipachika kati ya ekseli na springi. Kradum alimpa spana moja baada ya nyingine. Walipofunga trela, pua yake ilielekea juu.

"Kaka, mbona linatazama mbinguni?"

"Nin akipanda litashuka. Na wewe funga mdomo, sawa?"

Kradum akafunga mdomo.

Asubuhi ya mbio Mama aliizunguka pikapu. "Imeinuka sana hii."

"Ni springi za Baba mkubwa, Mama. Bado mpya," alisema Phayu. Kradum alitazama chini.

Nin alipanda trela kwa shida. Sakafu ilikuwa na mteremko, miguu yake ikawa inateleza kwenda nyuma. Walipofika barabara kuu, trela lilianza kuyumba, kushoto, kulia, likiivuta pikapu pamoja nalo. Lori likapiga honi nyuma yao. Nin akalia kwa sauti ambayo Kradum alikuwa hajawahi kuisikia.

"Simamisha!" Mama alipiga kelele.

Walisimama kando ya shamba la mihogo. Phayu alimfunga Nin kamba fupi zaidi ili asogee mbele. Wakaenda kidogo, likayumba tena. Akaweka nyasi chini ya kwato. Likayumba. Akaendesha polepole hadi bibi mmoja mwenye baiskeli akawapita.

"Mnampeleka kwenye mbio au kwenye maziko?" bibi aliuliza, akacheka peke yake.

Phayu aliupiga mlango teke. "Nyati mkorofi huyu! Mtawa amelinyunyizia gari maji ya baraka, springi mpya, na bado!"

Mama alikaa ukingoni mwa barabara, akauficha uso kwa kofia yake. "Basi. Turudi nyumbani. Labda baba yenu alikwenda na bahati yake."

Maneno hayo yalimchoma Kradum kuliko jua. Alimtazama Nin, povu mdomoni, kwato zikiteleza nyuma.

"Si Nin, Mama," alisema. "Na si bahati. Tumeweka vyuma chini ya springi. Mimi ndiye niliyempa Kaka spana. Gari limekuwa juu kuliko trela, uzito wote wa Nin umekwenda nyuma ya trela."

"Kradum!" Phayu alifoka. Kisha akarudi nyuma hatua moja, kwa sababu Mama alikuwa amesimama.

Mama hakumpiga mtu. "Mteremshe Nin. Leta jeki."

Nati zilikuwa zimekaza. Spana iliteleza, ikamchubua Phayu vidole. Mama naye aliingia chini ya gari, blauzi yake nzuri ikajaa grisi. Vyuma vilitoka, boliti zikakazwa tena. Trela lilikaa sawasawa, na Nin alipopanda alisimama wima bila kushikiliwa.

Walipofika Chonburi, kundi la Nin lilikuwa limekwisha kukimbia. Mama aliomba, akaomba tena, hadi wakamwingiza Nin katika kundi la mwisho, la nyati wazito kuliko yeye. Phayu alimpanda. Wakawa wa nne. Hawakupata shada la maua la washindi.

Mama aliikumbatia shingo ya Nin yenye matope, akalia kwa mara ya kwanza tangu maziko. Watoto wake walisimama kando wakingoja kugombezwa.

"Phayu," alisema baadaye, akijifuta, "gari huinuliwa kwa ajili ya mzigo, si kwa ajili ya macho ya watu. Kradum, umesema kweli, nami nashukuru. Lakini uliijua tangu jana. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeshazika mtu mmoja mwaka huu. Siku nyingine mkiona hatari, niambieni, hata kama nitakasirika. Hasira yangu itapita."

"Ndiyo, Mama," walisema wote wawili.

Wakampakia Nin, wakarudi nyumbani bila trela kuyumba.